Daftari na Upanga: Uhakiki wa Filamu ya Harakiri

Filamu: Harakiri (kwa Kijapani: Seppuku)
Mwongozaji: Masaki Kobayashi
Mwandishi wa mswada: Shinobu Hashimoto, kutokana na hadithi ya Yasuhiko Takiguchi
Mwaka: 1962
Muda: dakika 133, nyeusi na nyeupe

Utangulizi

Wanafunzi wetu wengi wakisikia neno samurai huona upanga. Hilo halishangazi. Wengi wao wamekulia karibu na vibanda vya video ambamo filamu za mapigano kutoka Mashariki ya Mbali huonyeshwa huku msimulizi akizifasiri papo hapo kwa Kiganda. Katika filamu hizo samurai ni mtu wa kuruka, kukata na kuapa kwa heshima yake. Katika uhakiki huu tunanuia kuitazama filamu inayoanza na samurai wa aina nyingine: mtu mzima aliyefilisika, anayebisha hodi kwenye lango la tajiri na kuomba mahali pa kufia. Upanga umo, lakini kwa maoni yetu silaha kali kuliko zote katika filamu hii ni daftari la ofisi.

Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, tunapofundisha fasihi linganishi mara nyingi tunaishia kwa Shakespeare, kwa kuwa tafsiri zake tunazo: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi za Mwalimu Nyerere, na Makbeth ya S. S. Mushi. Si vibaya, lakini mwanafunzi anabaki akidhani kuwa habari za mabwana wakubwa, uaminifu na usaliti ni mali ya Waingereza peke yao. Pili, sisi ni walimu wa lugha. Tunafundisha kuandika kumbukumbu za mkutano, taarifa na ripoti. Filamu hii inauliza swali ambalo mitaala yetu haiulizi: ikiwa kumbukumbu imeandikwa kwa lugha safi, isiyo na kosa hata moja la sarufi, nayo ni uongo mtupu, je, mwandishi wake amefaulu au amefeli?

Madaimio na himaya zao

Kabla ya kuingia katika kisa, ni vyema msomaji afahamu mazingira yake. Baada ya vita vya Sekigahara vya mwaka 1600, Tokugawa Ieyasu aliibuka mshindi, na mwaka 1603 akatawazwa kuwa shoguni, yaani mkuu wa majeshi aliyetawala nchi kwa jina la mfalme. Ukoo wake ulikaa madarakani hadi mwaka 1867, makao yake yakiwa Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo. Chini ya shoguni walikuwepo madaimio, mabwana waliokuwa na himaya zao, majeshi yao na hazina zao. Idadi yao ilibadilikabadilika, lakini kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho walikuwa zaidi ya 250.

Ukubwa wa daimio haukupimwa kwa ekari bali kwa mchele. Kipimo kiliitwa koku, takriban lita 180, kiasi kilichohesabiwa kuwa kinamtosha mtu mmoja kwa mwaka. Aliyepewa himaya yenye makadirio ya koku 10,000 au zaidi ndiye aliyestahili kuitwa daimio. Samurai wa kawaida hakuwa na shamba. Aliishi katika mji uliozunguka ngome ya bwana wake na kulipwa mchele kila mwaka kulingana na cheo chake. Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu bila kulielewa filamu haieleweki. Samurai wa wakati huo alikuwa mtumishi wa mshahara. Himaya ikifutwa, mshahara nao ulikwisha, naye akawa ronini, samurai asiye na bwana.

Na himaya zilifutwa kweli. Mwaka 1615 serikali ya shoguni ilitoa sheria za kuwabana madaimio. Mojawapo iliwakataza kujenga ngome mpya, na hata kukarabati ya zamani bila kutoa taarifa. Fukushima Masanori, bwana wa Hiroshima, aliyekuwa amempigania Ieyasu pale Sekigahara, aliikarabati ngome yake iliyoharibiwa na mafuriko pasipo idhini. Mwaka 1619 alinyang'anywa himaya yake ya koku 498,000 na kuhamishiwa eneo la koku 45,000, chini ya sehemu moja ya kumi ya alichokuwa nacho. Wafuasi wake wakatawanyika. Mhusika mkuu wa filamu hii ni mmoja wa wafuasi hao. Yeye ni wa kubuni, ila balaa lililomkumba ni la kihistoria.

Muhtasari wa kisa

Ni mwaka 1630, mwezi wa Mei. Ronini aitwaye Tsugumo Hanshiro anafika katika jumba la ukoo wa Ii mjini Edo. Anaomba aruhusiwe kujiua kwa heshima katika ua wa jumba hilo, kwa kujipasua tumbo kama desturi ya samurai ilivyotaka. Mshauri mkuu wa ukoo, Saito Kageyu, anashuku kuwa ni hila. Kuna uvumi kwamba maronini wenye njaa huenda kwenye majumba ya madaimio wakitishia kujiua ili wapewe vijisenti waondoke, au hata waajiriwe.

Ili kumtisha, Saito anamsimulia kisa cha kijana mmoja, Chijiiwa Motome, aliyetangulia kufika na ombi hilohilo, naye pia alitoka himaya ya Fukushima. Samurai wa Ii waliamua kumfanya kuwa funzo kwa wengine. Walimlazimisha ajiue kweli. Kijana aliomba muda wa siku moja au mbili aende nyumbani kisha arudi. Wakamkatalia. Walipokagua panga zake wakakuta ni za mwanzi. Alikuwa ameziuza za chuma. Wakamwamuru ajipasue kwa mwanzi huohuo. Tukio hilo linaonyeshwa taratibu, bila kutuficha maumivu, na tunamwonya mwalimu anayenuia kulionyesha darasani kuwa si jambo jepesi kulitazama.

Hanshiro anasikiliza hadi mwisho, kisha anasisitiza ombi lake. Anataka tu kuchagua msaidizi wa kumkata kichwa, kama desturi ilivyoruhusu. Anataja watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Wote hawapo, inasemekana wanaumwa. Wakati wajumbe wanakwenda na kurudi, Hanshiro anaomba naye asimulie habari zake. Hapo ndipo tunapojua kuwa Motome alikuwa mkwewe, mume wa binti yake Miho. Kwamba mjukuu wake mchanga alikuwa na homa kali na hapakuwa na fedha ya tabibu. Kwamba muda ule ambao Motome aliuomba ulikuwa wa kurudi kwa mgonjwa. Mtoto alikufa. Miho naye akafa. Hanshiro hakuja kuomba chochote isipokuwa kusikilizwa. Wale watatu ndio waliosimamia kifo cha Motome, naye tayari amekwisha kukutana nao.

Fani: usimulizi na ishara

Kwa upande wa fani, filamu imejengwa kwa mbinu rejeshi. Sehemu kubwa ya muda wake ni watu wawili wanaozungumza, mmoja ameketi juu ya baraza, mwingine juu ya mkeka uani. Kila masimulizi yanabadilisha maana ya yale yaliyotangulia. Tunapomwona Motome mara ya kwanza tunamwona kwa macho ya Saito: mwoga, mlaghai. Tunapomwona mara ya pili, kwa macho ya Hanshiro, ni baba aliyeishiwa njia. Matendo yake ni yaleyale. Kilichobadilika ni msimulizi. Mwanafunzi anayesumbuka kuelewa dhana ya mtazamo katika usimulizi ataielewa hapa kwa jioni moja.

Tatsuya Nakadai, aliyemwigiza Hanshiro, hakuwa ametimiza miaka 30 wakati huo, ilhali mhusika wake ni babu. Anauvaa uzee kwa sauti nzito na utulivu wa mwili. Muziki wa Toru Takemitsu unatumia biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani, nao haumshiki mtazamaji mkono kumwambia ahuzunike wapi. Mara nyingi ni mlio mmoja tu, kisha kimya.

Ishara kuu ni mbili. Ya kwanza ni upanga. Usiku ule maiti ya Motome inaporudishwa nyumbani na panga zake za mwanzi, Hanshiro anatambua kwamba mkwewe alikuwa ameuza silaha zake kwa ajili ya mkewe na mtoto, wakati yeye mwenyewe wazo la kuuza zake halikuwahi hata kumpitia akilini. Analia kwa uchungu kwa kuwa alikuwa ameing'ang'ania chuma wakati mjukuu wake anazidiwa. Kwa maoni yetu hiki ndicho kilele cha filamu. Mapigano ya mwishoni ni matokeo yake tu. Hapa mhusika hamlaumu Saito wala shoguni. Anajiona yeye mwenyewe.

Ishara ya pili ni deraya ya wahenga wa ukoo wa Ii, iliyowekwa ndani ya jumba na kuheshimiwa kama mzimu. Ndiyo picha ya kwanza ya filamu, na karibu na mwisho Hanshiro anaibeba na kuibwaga chini. Ndani yake hamna mtu. Msomaji atakubaliana nasi kuwa jazanda hii haihitaji maelezo marefu.

Daftari

Tulisema kuwa silaha kali ni daftari. Filamu inaanza kwa daftari la kumbukumbu za kila siku la ukoo wa Ii kufunguliwa, na sauti inasoma: tarehe, hali ya hewa, shughuli za siku. Inaishia kwa daftari hilohilo. Katikati ya kurasa hizo mbili watu wamekufa, wengine wamejeruhiwa, na aibu kubwa imeupata ukoo: samurai wake watatu walikatwa vishungi vya nywele na ronini mmoja. Kukatwa kishungi kulikuwa fedheha iliyomtaka samurai afe. Hao walijificha majumbani wakisubiri nywele ziote, wakisingizia ugonjwa. Watu waliomlazimisha kijana afe kwa ajili ya heshima walishindwa kufa kwa ajili ya heshima hiyohiyo. Kinaya cha filamu kimejengwa juu ya tukio hili.

Saito anafanya nini? Hapigani. Anakaa peke yake chumbani huku kelele za mapigano zikimfikia. Baadaye anatoa maagizo ya namna ya kuandika. Waliouawa na Hanshiro waandikwe kuwa wamekufa kwa maradhi. Waliobaki kati ya wale watatu wajiue, na nao waandikwe kuwa ni maradhi. Hanshiro aandikwe kuwa alijiua kama alivyoomba. Ukweli ni kwamba ilibidi ukoo wa mashujaa wa upanga ulete bunduki ili kummaliza mtu mmoja. Hilo halimo daftarini. Kilichomo ni kuwa sifa ya ukoo imezidi kuenea.

Kuna mtu atakayesema kuwa Kobayashi ametia chumvi. Historia ya ukoo huohuo inamjibu. Mwezi wa Machi mwaka 1860, Ii Naosuke, daimio wa Hikone aliyekuwa kiongozi mkuu katika serikali ya shoguni, aliuawa nje ya lango la Sakurada la ngome ya Edo na kundi la maronini, wengi wao kutoka himaya ya Mito. Alikatwa kichwa mchana kweupe. Hata hivyo, taarifa rasmi ilisema kwamba amejeruhiwa, na kifo chake kilitangazwa baadaye, mambo ya urithi yalipokwisha kutengenezwa, kwa sababu daimio aliyekufa bila mrithi aliyeidhinishwa aliuweka ukoo wake katika hatari ya kufutiwa himaya. Kwa hiyo maiti ikaandikwa kuwa mgonjwa. Mfumo uliomwezesha bwana kupoteza kila kitu kwa kosa la ukarabati wa ngome uliwafundisha watumishi wake kuandika kwa namna moja tu.

Hapo ndipo filamu inapotugusa sisi walimu. Lugha ya daftari la Ii ina sifa zote tunazozidai katika rejesta ya kiofisi: ni fupi, haina hisia, inazingatia tarehe na vyeo, haina nafsi ya kwanza. Kwa vigezo vya kawaida vya usahihishaji ingepata alama za juu. Tunapowafundisha wanafunzi kutumia kauli ya kutendwa katika ripoti, yaani "iliamuliwa", "ilionekana inafaa", tunawapa chombo chenye manufaa, lakini pia tunawapa mahali pa kujificha. Nani aliamua? Ilionekana na nani? Saito angeipenda sana kauli ya kutendwa.

Mhusika Saito

Wahakiki chipukizi humwita Saito katili na kumalizana naye. Sisi tunaona kuwa hilo linaipunguzia filamu uzito. Saito, kama alivyoigizwa na Rentaro Mikuni, ana adabu, ana subira, na mwanzoni anamshauri Hanshiro aende zake. Hoja yake si ya kipuuzi: tukimpa huyu, kesho watakuja kumi. Kila aliyewahi kushika funguo za stoo ya chakula anaijua hoja hiyo. Bwana wake hayupo. Jumba liko mikononi mwake. Kosa lolote litahesabiwa dhidi ya ukoo mzima. Anachagua taasisi dhidi ya mtu, kila mara, na kila mara ana sababu.

Tulipoijadili filamu hii na wanafunzi wa mwaka wa tatu, darasa liligawanyika. Kundi moja lilisema kuwa Saito alitimiza wajibu wake na mwenye makosa ni Motome aliyekuja kudanganya. Kundi jingine lilisema mtu akiomba siku moja, siku moja hainyimwi. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini hakuna hata mmoja jumbani aliyemwuliza Motome alitaka kwenda nyumbani kufanya nini. Swali hilo lilinyamazisha pande zote mbili, na tunaliona kuwa uhakiki bora kuliko mwingi uliochapishwa. Saito hakukosa huruma tu. Alikosa kuuliza, kwa sababu jibu lisingekuwa na mahali pa kuandikwa.

Suala la istilahi

Katika majadiliano hayo neno lililorudiwa mno ni "ukabaila". Ni neno zuri, lina historia yake katika Kiswahili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililizoesha masikioni mwetu likiwa sanjari na ubepari. Lakini katika insha nyingi tunazosahihisha limegeuka kuwa muhuri. Mwanafunzi akishaandika "jamii hii ni ya kikabaila" anaona amekwisha kuhakiki. Kabaila anayefikiriwa katika insha hizo ni mwenye ardhi anayemnyonya mkulima anayeishi juu ya ardhi hiyo. Je, Hanshiro ni kabaila? Hana hata bustani. Anatengeneza miavuli ili ale. Je, daimio mwenyewe ni kabaila kwa maana hiyo? Fukushima alihamishwa kama kete ya bao. Aliyeshikilia ardhi kwa ridhaa ya mwingine, na kuipoteza kwa barua, anahitaji neno linaloeleza hofu yake pamoja na ukubwa wake.

Tatizo la pili ni neno la Kijapani "han", linalotumika kutaja eneo la daimio. Baadhi ya wanafunzi walipendekeza "jimbo". Tunalikataa kwa kuwa jimbo ni sehemu ya utawala wa serikali kuu, na hicho ndicho kilichokuja kuchukua nafasi ya han zilipofutwa mwaka 1871. Tukiliita han jimbo, tutakosa neno kwa mabadiliko yenyewe. Wengine, kwa kuwa sisi tuko Uganda, walipendekeza "saza". Pendekezo lina mvuto, kwani mkuu wa saza katika Buganda naye alitawala eneo chini ya aliye mkuu zaidi. Lakini yeye aliteuliwa na Kabaka, ilhali daimio alirithi kutoka kwa baba yake na alikuwa na jeshi na hazina ya kwake. Tunapendekeza "himaya", neno linalobeba maana ya eneo na pia ya kuwa chini ya mkono wa mtu. "Daimio", "shoguni", "ronini" na "koku" tunaonelea yabaki yalivyo, kwa matamshi ya Kiswahili.

Jina la filamu nalo ni somo. Kwa Kijapani inaitwa Seppuku, neno la heshima na la maandishi. Nje ya Japani imejulikana kama Harakiri, neno la mitaani linalomaanisha kupasua tumbo. Maneno yote mawili huandikwa kwa herufi zilezile mbili za Kijapani, ila kwa mpangilio uliogeuzwa. Tendo ni lilelile. Neno moja linalivika joho, jingine linalivua. Hatujui mfano bora zaidi wa tofauti ya rejesta wa kumpa mwanafunzi.

Dosari

Sifa hizi zisitufanye tufumbie macho upungufu. Kwanza, filamu inayozungumza juu ya mchele wa madaimio haina mkulima hata mmoja mwenye usemi. Koku 498,000 za Hiroshima zililimwa na watu. Miaka saba tu baada ya wakati wa kisa hiki, mwaka 1637, wakulima wa Shimabara waliasi kwa sababu ya kodi nzito na mateso ya dini, na baada ya uasi kuzimwa mwaka 1638 bwana wao Matsukura Katsuie aliuawa na serikali kwa utawala wake mbovu. Unyama wa mfumo ulikuwa umefika mashambani zamani kabla haujafika uani kwa Ii. Kobayashi anauonyesha pale tu unapomla samurai mwenyewe. Kwa msanii mwenye msimamo wake, aliyekataa kupandishwa cheo alipokuwa askari katika vita vya pili vya dunia, tungetarajia jicho pana zaidi.

Pili, Miho. Anafanya kazi za mikono, anaugua, anasubiri, anakufa. Hatuambiwi anafikiri nini juu ya panga, za baba yake na za mumewe. Mwanamke huyu ni sababu ya matendo ya wanaume, hajapewa tendo lake mwenyewe. Wanafunzi wetu wa kike waliligundua hili kabla yetu.

Tatu, Hanshiro anaelezwa kupita kiasi. Picha imekwisha kusema kuwa heshima inayolindwa jumbani ni pambo la nje. Bado anasimama na kuitangaza hoja hiyo kwa maneno. Mtazamaji angeaminiwa zaidi.

Filamu hii ilitengenezwa upya na Takashi Miike mwaka 2011, kwa rangi. Katika toleo hilo Hanshiro anapigana kwa upanga wa mwanzi. Wazo hilo linapendeza, lakini linamfanya awe juu ya panga zote, kama mtakatifu. Hanshiro wa Kobayashi anapigana kwa chuma kilekile alichokililia. Tunaliona toleo la 1962 kuwa na ukweli zaidi.

Matumizi darasani na hitimisho

Nakala tuliyoitumia ina manukuu ya Kiingereza. Tunawashauri walimu wenzetu waionyeshe kwa sehemu mbili, wakiisimamisha pale Hanshiro anapomtaja mtu wa tatu, na kuwataka wanafunzi waandike wanavyodhani kisa kitaendelea. Baada ya kuimaliza, zoezi tulilolijaribu na kuliona linafaa ni hili: kila mwanafunzi aandike kumbukumbu ya siku ile kwa maneno yasiyozidi 150, mara tatu. Ya kwanza iwe ya Saito. Ya pili iwe ya samurai kijana wa Ii aliyesimama uani na kusikia yote. Ya tatu iwe ya mfagizi, kwa kuwa mwishoni, watu wakisafisha ua, kishungi cha nywele kinaokotwa na kutupwa pamoja na takataka. Mfagizi ameona kile ambacho daftari halikukiona. Hakuna anayemwuliza.

Wanafunzi huiandika ya Saito kwa haraka na bila makosa. Ya mfagizi huwashinda. Hawajui aanze vipi, atumie nafsi gani, ataje nani. Hilo linatuambia jambo juu ya ufundishaji wetu: tumewazoesha lugha ya jumba kuliko lugha ya aliyeshuhudia. Wengi wa wahitimu wetu watakuwa makarani, walimu, makatibu wa vikao na waandishi wa habari. Siku itafika ambapo mtu mwenye cheo, mwenye adabu na sababu zake, atawaomba waandike kuwa aliyeuawa alikufa kwa maradhi. Wakati huo sarufi pekee haitawasaidia. Tunaipendekeza filamu hii kwa idara zote za Kiswahili, na tunawaomba walimu watakaoijaribu darasani watuletee maoni yao.